Dada Mwenye Farasi

Abdiel ana Kiingereza cha mlimani. Alikiokota njiani, kati ya geti la Momela na kibanda cha Miriakamba, akiwa na mizigo ya wageni kichwani. Kwa hiyo maneno anayoyajua ni yale ambayo wageni huyasema wakipanda Mlima Meru: maji, kichwa kinauma, twende taratibu, bado mbali, choo kiko wapi. Ukimweka mbele ya Mzungu anayeumwa kichwa wataelewana vizuri sana. Ukimweka mbele ya Mzungu mzima, mazungumzo huisha mapema.

Nayasema haya bila ubaya. Mimi nimeishia darasa la saba, na Kiingereza changu hakifiki hata hapo getini. Lakini mimi sikuwahi kujitokeza kuwatafsiria watu. Abdiel alijitokeza, masika nzima, katika banda la gemu la Nice hapa Sombetini, na sisi watu wazima tulikaa kwenye mabenchi tukimsikiliza kama watoto.

Banda la Nice ni la mabati. Mchana ni la vijana wa mpira, wanaogombana kwa ajili ya timu za nchi wasizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Pembeni Nice ana jiko la mkaa, anauza chai na maandazi. Mama yake, Bibi Anande, mzee wa kanisa la Kilutheri, hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko. Anasema anakaa pale kwa ajili ya joto.

Wakati wa masika wageni hawaji, na wapagazi wa mlimani hushuka mjini kusubiri Juni. Jioni moja mvua ilikuwa kubwa, vijana hawakuja, na Abdiel alikuwa anakunywa chai yake polepole ili isiishe.

"Dada Nice," akasema, "hamna gemu isiyokuwa na mpira?"

Nice akamfungulia moja ambayo vijana waliikataa kwa sababu ina maneno mengi. Ilikuwa na mwanaume, mwanamke, farasi, na mlima wenye theluji. Abdiel alipouona mlima akakaa wima.

Gemu ile ni hadithi. Lakini si kama filamu, maana filamu inakwenda yenyewe, uitazame usiitazame. Hii inakungoja. Watu wanaongea, halafu wanasimama wanakutazama: haya, tufanye nini? Usipobonyeza, wanasimama hapohapo na theluji inawaangukia. Sisi hatukuwahi kuona hadithi yenye adabu ya kumngoja mtu namna hiyo, na kesho yake tulirudi. Siku iliyofuata Loserian akaja na stuli yake mwenyewe. Loserian ni mlinzi wa yadi ya mbao hapo jirani, na ukimwona kimya ujue amelala.

Sasa, tafsiri ya Abdiel. Katika tafsiri ile watu wote wa nchi ya theluji walikuwa wanaumwa kichwa. Kuna siku mzee mmoja mfua chuma aliongea kwa muda mrefu, akionyesha mlima, akipiga kifua, mpaka machozi yakamtoka.

"Anasema wanywe maji mengi," Abdiel akatafsiri.

"Maneno yote yale ni maji tu?" Loserian akauliza.

"Ni maji mengi."

Na ndipo lilipoingia kosa lenyewe. Abdiel humwita kila mwanamke dada, ndivyo wapagazi walivyozoea: dada, taratibu, dada, angalia jiwe. Mwanamke wa kwenye gemu alipotokea juu ya farasi, Abdiel akasema, "Huyu dada anatoka mbali."

"Dada yake huyo mwanaume?" Bibi Anande akauliza.

Abdiel hana uwezo wa kumbishia Bibi Anande. "Ndiyo, bibi," akajibu. Basi wakawa ndugu. Na ndugu wawili hawawezi kuzunguka kwenye baridi bila sababu, kwa hiyo siku iliyofuata Abdiel akawatafutia mama aliyepotelea mlimani. Bibi Anande alisikitika sana. Jumamosi alimwombea mama huyo kwenye jumuiya, bila kusema ni wa wapi.

Kwa nini Abdiel alimwogopa Bibi Anande kiasi hicho, Sombetini nzima ilijua. Alimtaka Nice. Alimtaka tangu mwaka juzi, na kila mwaka masika ilipoisha alipanda mlimani bila kusema kitu. Mwaka huu kulikuwa na haraka. Stanley, mwuza vipuri vya magari wa Moshi, alikuwa ameshakuja mara mbili na gari safi kumposa Nice. Nice alimwambia mama yake hana la kusema, na Bibi Anande akamwahidi Stanley jibu mvua zikiisha. Kwa hiyo kila jua lilipowaka, sisi tulimtazama Abdiel, na Abdiel alitazama viatu vyake.

Wiki ambayo mlima ulianza kuonekana asubuhi, ndugu wawili wa kwenye gemu walifika kwenye kibanda cha magogo. Siku moja kabla yake, yule mwanaume alikuwa amemfunika mwenzake blanketi lake na yeye akalala bila kitu. Tuliona ni kaka mwema. Sasa akawasha moto. Mwanamke akavua glavu. Wakakaa karibu karibu, na muziki ukawa wa taratibu, ule ambao hauhitaji mtafsiri.

"Wanafanya nini?" Bibi Anande akauliza.

"Anamkagua macho, bibi. Mtu akifika juu sana lazima akaguliwe macho."

"Mbona na yeye anamkagua mwenzake?"

"Wanakaguana."

Sura zikazidi kusogeleana.

"Macho gani yanakaguliwa kwa pua?" Loserian akasema.

Hapo gemu ikasimama. Midomo ilikuwa imebakiza nafasi ya njiti ya kiberiti. Chini yakatokea maneno mawili, moja juu ya jingine, na wale watu wawili wakatungoja. Abdiel alikuwa ameshika padi ya kubonyezea kama mtu aliyeshika kaa la moto. Alikuwa amewaleta kaka na dada, kwa kinywa chake mwenyewe, mpaka hapo, mbele ya mzee wa kanisa ambaye ndiye mama wa Nice. Mimi hukaa mlangoni, kwa sababu mlangoni mtu anaweza kuondoka bila kuwaomba wenzake njia, na nilikuwa nimeshanyanyuka nusu.

Neno la juu hakulijua. La chini alilijua. Wageni humwambia kila asubuhi anapotaka kuwapokea mkoba mdogo: uache, nitabeba mwenyewe. Acha. Ndilo neno alilolihitaji kuliko yote duniani. Acheni! Akalibonyeza kwa nguvu. Kumbe, tulivyokuja kuambiwa baadaye, neno hilohilo la Kiingereza ni ondoka pia.

Yule mwanamke akasimama. Akavaa glavu, akatoka, akapanda farasi, akapotea kwenye theluji. Mwanaume akabaki anatazama mlango. Ndevu zake zikawa nyeupe hivihivi tunamwona. Kisha majina yakaanza kupanda kutoka chini kwenda juu, mengi, na hadithi ikawa imekwisha.



"Kwa hiyo?" Loserian akasema. "Na mama yao?"

"Mama yao gani?" Ilikuwa sauti ya Nice, kutoka jikoni. Nice amefika kidato cha nne, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau. "Humo ndani hakuna mama. Hajatajwa hata siku moja. Wale walikutana njiani."

"Na maji?" Loserian akauliza.

"Maji yalitajwa mara moja."

Bibi Anande akamgeukia binti yake. "Ulijua siku zote hizi?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza?"

"Nilitaka kuona atafika nao wapi."

Abdiel aliweka padi juu ya benchi, akachukua kofia yake. "Samahani, bibi," akasema, na akaanza kutafuta njia kati ya magoti ya watu.

"Kaa chini," Bibi Anande akamwambia. "Mimi nina kaka wanne, wako Machame. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunifunika blanketi. Hawajui hata kama huwa nasikia baridi. Nilipoona lile blanketi jana nikajua hapa hakuna undugu."

"Sasa mbona hukusema, bibi?"

"Ningesemaje? Mtafsiri ni wewe. Tena mama yao nilishamwombea." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Tatizo lako, Abdiel, kwako kila mwanamke ni dada. Aliye juu ya farasi, dada. Aliye jikoni, dada. Mwaka wa tatu huu: dada Nice naomba chai, dada Nice niongezee andazi. Yule Stanley amekuja mara mbili tu, na hajamwita dada hata mara moja."

Nice alikuwa anageuza maandazi ambayo yalikuwa yameshaiva.

"Haya, irudishe nyuma," Bibi Anande akasema. "Yule mwanamke hawezi kulala porini."

Lakini gemu haikurudi nyuma kirahisi. Ilitakiwa kuhifadhiwa kila mara, na Abdiel alikuwa hajaihifadhi tangu daraja la kamba, kwa vile alidhani neno lile la kuhifadhi linauliza kama amechoka. Ilibidi kuanzia darajani. Kesho yake kiongozi wake wa mlimani akapiga simu kwamba wageni wa kwanza wamefika. Tulimsikia Abdiel akijibu kuwa ana shughuli ya familia kidogo.

"Familia ya nani?" Loserian akauliza. Abdiel akaenda kuwasha gemu.

Safari ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana sasa yule mwanamke hakuwa na jina. Dada limekatazwa. Siku ya kwanza Abdiel akajaribu kumwita mgeni. Siku ya pili akamwita mheshimiwa.

"Mheshimiwa wa jimbo gani?" Loserian akasema. "Hata farasi ameshangaa."

"Jina lake limeandikwa hapo tangu mwanzo," Nice akasema. "Anaitwa Marta."

"Marta," Abdiel akarudia. Akalisema tena, kama mtu anayejaribu kiatu. Jioni ile alimwita Marta mara nyingi kuliko ilivyohitajika: Marta, taratibu, Marta, angalia jiwe. Na chai yake ilipoisha, bila kugeuka, akiwa bado anatazama theluji, akasema, "Nice, naomba chai."

Mimi nilisikia. Loserian alisikia, akafungua mdomo, Bibi Anande akamtazama, akaufunga. Nice alileta chai mwenyewe mpaka mkononi, wakati siku zote huwa tunafuata kikombe jikoni.

Siku mbili baadaye walifika tena kwenye kibanda cha magogo. Banda lilikuwa limejaa, na waliokosa benchi walisimama nyuma yangu mlangoni, wakaniziba njia. Moto ukawashwa. Glavu zikavuliwa. Sura zikasogeleana, na yale maneno mawili yakatokea. Juu yake kulikuwa na mstari mmoja, maneno ya yule mwanaume.

"Anasemaje?" Bibi Anande akauliza.

Abdiel akautazama mstari ule. "Anasema," akaanza, akaacha, akaanza upya. "Anasema yeye hajui kuongea. Amebeba mizigo ya watu miaka mingi, na hajawahi kuulizwa yeye anataka nini. Anasema kama angeulizwa, angesema kitu kimoja tu. Lakini anaogopa jibu."

Nice naye aliutazama ule mstari. Baadaye alituambia kilichoandikwa pale ni kwamba kuni zinakaribia kuisha.

"Na Marta anamjibu nini?" akauliza.

"Bado hajajibu. Inangoja."

Abdiel akamnyooshea padi. Mkono wake, ambao umepandisha mitungi ya gesi mpaka juu ya mawingu, uliishika kwa vidole viwili tu. Nice akafuta unga vidoleni kwa kanga yake, akaichukua, akasimama pale katikati ya mabenchi. Hakuharakisha. Halafu akabonyeza neno la juu.

Wakabusiana. Bibi Anande alijifunika uso kwa kanga, lakini ni kanga iliyofuliwa sana, inaonyesha. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikajikuta nimepiga makofi.

Furaha ile haikudumu, maana mbwa mwitu waliingia dirishani. Gemu ndivyo ilivyo, haitaki mtu apumzike.

"Kimbia, dada!" Abdiel akapiga kelele.

"Dada nani?" Nice akageuka.

"Marta! Marta akimbie! Bonyeza, bonyeza!"

"Nibonyeze wapi? Sema wapi, usinipigie kelele!"

"Huko kulia! Kulia kwako siyo huko!"

Wakaanza kugombea padi, vidole vimeingiliana, mmoja anataka farasi, mwingine anataka rungu. Bibi Anande aliwatazama kidogo, akaridhika. Akatoa simu kwenye kikapu, akampa Loserian amtafutie jina, kisha akaiweka sikioni na kuziba sikio la pili kwa kidole.

"Stanley, baba, hujambo? Mvua zimekwisha huku. Ndiyo. Hapana, siyo kwamba hufai, wewe ni kijana mzuri na gari lako ni safi." Nyuma yake Nice alikuwa anamwambia Abdiel kwamba kama anajua sana, basi akapigane mwenyewe. "Umechelewa tu, baba. Huku mbwa mwitu wameshaingia ndani."