Kona Ambayo Baba Hakuilima

Mchana ule, maana ndoto yangu haikungoja usiku, nilijilaza kwenye turubai pembeni ya lundo la alizeti tulizokuwa tukizipiga tangu asubuhi. Zilikuwa siku za mwisho za mavuno, zile ambazo shamba letu la Singida hubaki mabua makavu na upepo, na vumbi la maganda linakuingia mpaka kwenye kope. Mama alikuwa amekaa hatua chache kutoka nilipolala, anapepeta. Mdogo wangu Elia alikuwa ametoka kumfuata mtu wa trekta, kwa sababu mimi na yeye tulikuwa tumekubaliana kwamba mwaka huu ile kona ya mashariki nayo ilimwe.

Kona hiyo baba hakuigusa maisha yake yote. Ilikuwa na miiba na mawe machache, basi. Tulipomwuliza alisema udongo wake mbaya, na sisi tulioona majani yalivyostawi pale tulijua si kweli, lakini nani angebishana na baba. Sasa alikuwa na mwaka wa pili tangu atutoke. Tulipomweleza mama mpango wetu hakusema ndiyo wala hapana. "Fanyeni mnavyoona," alisema, akaendelea na ungo wake. Hivyo ndivyo alivyokuwa mama katika lolote lililomhusu baba, tangu akiwa hai. Alimtii, alimhudumia, ila mazungumzo hayakuwepo.

Usingizi ukanichukua. Nikasikia fimbo inapiga alizeti, taratibu, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Nikadhani Elia amerudi. Nikafumbua macho, au nilidhani nimefumbua, nikamwona baba.

Amevaa lile koti la kaki lililokwisha viwiko, koti ambalo baada ya matanga tulimpa mjomba. Nasema, "Shikamoo baba," naye anaitikia, "Marahaba," kama mtu aliyekwenda kunywa maji akarudi kazini. Sishangai. Nachukua fimbo nyingine, tunapiga pamoja, mbegu zinaruka na kutuangukia miguuni. Nahisi raha ambayo sijaihisi muda mrefu. Namchotea maji kwenye kikombe, namnyooshea, na hapo, mkono wangu ukiwa hewani, ndipo ninapokumbuka. Nilimwona akiteremshwa. Nilitupa udongo juu yake kwa mkono huuhuu.

Kikombe kinanitoka. Nataka kumwita mama, lakini mama ameinamia ungo wake, na ungo hautoi sauti.

Baba analaza fimbo chini. "Njoo," anasema.

Tunatembea kuelekea mashariki. Mabua yaliyokauka yanakuwa mabichi, yanatupita urefu, na maua yote ya njano yanageuka kututazama sisi. Mvua inaanza. Matope yananifika kwenye vifundo, kisha magotini, na baba hageuki nyuma. Tunafika kwenye kona, na hakuna mwiba hata mmoja. Pana mlango wa nyumba yetu ya zamani, ile iliyobomoka nikiwa darasa la pili. Naingia.

Mama yuko kitandani, bado msichana, mdogo kuliko nilivyo mimi leo, amelala ubavu, ameelekea ukutani. Bibi, mama yake baba, amesimama na kibatari. Mtoto analia kwenye blanketi, na najua bila kuambiwa kwamba yule ni mimi. Baba amesimama mlangoni, nywele nyeusi tititi, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga ya njano. Pembeni kanga ina alama ya kahawia ya kuungua na pasi.

"Mpokee," ananiambia.

Napokea. Nilitegemea baridi, lakini kina joto la mtu aliyelala. Kizito.

"Baba, huyu nani?"

"Mlikuja pamoja."

Nataka kumrudishia, vidole vinakataa kufunguka. Nalia, sauti haitoki. Nikitazama tena, mikono yangu ni mitupu, nyumba haipo, na baba amepiga magoti kwenye udongo, anapanga mawe, moja baada ya jingine, mvua ikimchapa mgongoni. Mdomo wake uko wazi. Sijawahi kumwona baba akilia, hata alipomzika mama yake. Kisha ananyanyua uso, na ni uso wake wa uzeeni.

"Mwambie mama yako sikumtupa," anasema. "Kila nilipokuja shambani nilianzia hapa."

Niliamshwa na mngurumo. Trekta lilikuwa limeshapita lundo letu, linakwenda mashariki, Elia amening'inia ubavuni anaelekeza kwa mkono. Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka mabua yakinichoma nyayo, na kwamba nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Nikalipita trekta, nikasimama mbele yake na mikono wazi.

Dereva akafunga breki. "Dada, una wazimu wewe? Ningekuua!"

"Zima!"

Elia akaruka chini. "Dada Neema, kuna nini? Umeumwa na nyoka?"

Nilirudi kwa mama, nikapiga magoti mbele ya ungo wake. Elia alinifuata.

"Mama, mimi nilizaliwa peke yangu?"

Ungo ukasimama. "Nani amekwambia?"

"Baba. Sasa hivi. Amesema nikwambie hakumtupa."

Hakuniambia naota, wala hakuniuliza kama nimepigwa na jua. Aliuliza polepole, kama mtu anayekanyaga asipopajua. "Alikuwa amemfunga na nini?"

"Kanga ya njano. Imeungua na pasi hapa pembeni."

Mama akaachia ungo. Mbegu zote zikamwagika mapajani mwake.

"Ile alama niliikunjia ndani," alisema. "Nilimfunga mwenyewe. Bibi yenu hakuiona. Hakuna aliyeiona."

Elia alikaa chini palepale, kofia mkononi.

Ndipo mama akasema, akiwa ametazama viganja vyake. Tulizaliwa wawili, usiku wa mvua kubwa, na mwenzangu aliyetangulia hakupumua. Bibi alikataza asitajwe tena nyumbani, nisije na mimi nikamfuata. Baba akatoka na yule mtoto gizani, akarudi alfajiri ana matope mpaka magotini.

"Nikamwuliza, umemweka wapi? Akasema, 'Nimemaliza.' Basi. Mto ulikuwa umefurika, tuliusikia mpaka ndani. Nikajua amempeleka mtoni." Akaokota mbegu moja pajani. "Miaka thelathini na nane, Neema. Nimempikia, nimemfulia, nimekaa naye mpaka dakika ya mwisho ananishika mkono. Sikumsamehe. Na sikumwuliza mara ya pili."

Nilitaka kumshika, nikashindwa. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nasikia uzito ule mikononi.

Mama alisimama, akakung'uta kanga yake, akaenda peke yake. Dereva alipomwona anakuja alishuka kwenye trekta bila kuambiwa, akavua kofia, sijui kwa nini. Mama akaingia kwenye miiba kwa mikono, hakungoja panga. Sisi tukasogea karibu lakini si karibu sana. Mawe yalikuwepo, yamezama, yamepangwa mviringo, na katikati yake hapakuwa na jani hata moja. Mtu alikuwa akipapalilia. Mwaka huu na mwaka jana tu ndipo nyasi zilikuwa zimeanza kuingia ukingoni.

Mama akaziona. Akazigusa kwa kidole, akaanza kuzing'oa.

"Kulwa," aliita, mara moja, jina la pacha anayetangulia, kwa sauti ya kumwita mtoto aliye chumba cha pili.

Alikaa pale mpaka jua likalegea. Tulipomsaidia kuinuka, mikono yake ikivuja damu ya miiba, alinivuta kando, mbali na Elia, akaniegemea.

"Akikujia tena," alisema, "mwambie nimesikia. Mwambie na mimi nina langu la kumwomba."