Asubuhi Shamba Lilipoingia Machimboni

Duka lilikuwa mbele ya nyumba, shamba nyuma. Ndivyo tulivyoipanga ploti yetu ya Njiru, mimi na mume wangu, alipoacha kazi ya udereva. Nyuma kabisa palikuwa na machimbo ya mawe, lakini kabla ya kufika ukingoni tulikuwa na nafasi ya sukuma wiki, spinachi, migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kila asubuhi nilichuma mboga na kuzipanga kwenye meza ya duka zikiwa bado na umande.

Mwaka huu mvua ilinyesha mfululizo. Asubuhi mvua ilipokatika, nikachukua kisu na beseni nikaingia shambani. Nilikuwa nimeinama kwenye spinachi mume wangu aliponiita kutoka mlango wa nyuma wa duka.

"Mama watoto, kuna mtu anataka dania!"

Dania ilikuwa kando ya ukuta wa nyumba. Nikaliacha beseni pale pale nikaenda kuichuma. Ndipo nikasikia mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto. Nikageuka.

Migomba ilikuwa inatembea. Sijui niseme vipi. Iliondoka ikiwa wima, polepole, kisha ikazama. Spinachi ikafuata, na beseni, na ng'ombe wetu akiwa amefungwa kwenye kigingi chake. Pakabaki hewa tupu, na ng'ambo yake nyumba za ghorofa ambazo migomba ilikuwa ikizificha.

Nilirudi dukani nikampa mama aliyekuwa akingoja dania yake. Akaomba na pakiti ya maziwa, nikampa. Alipoondoka nikamwambia mume wangu, "Shamba limeenda."

"Limeenda wapi?"

Akatoka kuangalia, wala hakurudi. Nilipomfuata nilimkuta ameshikilia nguzo ya kamba ya nguo kwa mikono miwili, mdomo wazi. Mtu huyu ameendesha malori usiku na mchana kwa miaka mingi, na sikuwa nimewahi kumwona akiogopa.

Wazo likanijia: wachonga mawe! Nikakimbilia ukingoni nione kama kuna aliyefukiwa. Kijana mmoja wao akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya shimo.

"Mathe, rudi nyuma! Hapo bado panabomoka!"

"Kuna mtu huko chini?"

"Hakuna! Tulikuwa tunangoja maji yakauke!"

Nikaketi kwenye matope. Nikasikia vijana wote wakipaza sauti kwa pamoja. Juu ya rundo la udongo, ng'ombe wetu alikuwa anajaribu kusimama. Akaanguka. Akajaribu tena, akasimama, matope mwili mzima. Walimpandisha kwa barabara ya malori, akichechemea. Mume wangu alimkumbatia shingo akalia mbele ya watu.

Hatukulala tena katika nyumba ile. Siku hiyo hiyo tulihamisha vitanda na bidhaa, na sasa tumekodi chumba karibu na Kangundo Road, duka mbele, sisi nyuma. Ng'ombe tulimpeleka kwa dada yangu Machakos, akapona mguu. Mboga tunazinunua sokoni Kariobangi kama wenye maduka wengine. Mume wangu amepanda sukuma kwenye magunia mlangoni, juu ya saruji. Zimeota vizuri. Mimi bado nikiinama kuzichuma, mkono mmoja unashika ukuta.