Meza ya Mbao za Josho

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, nilikuwa nimesimama na brashi ya rangi katika hoteli moja ya watalii nje ya Isiolo, nikitazama meza. Niliitwa pale kupaka kuta, lakini macho yangu tangu utotoni hayakai yanapotumwa. Meza ilikuwa ubao mnene na mpana, kingo zimeachwa jinsi mti ulivyoota, juu ya miguu miwili ya chuma cheusi. Haikuwa na kitambaa wala nakshi. Nilipiga magoti nikachungulia chini nione imefungwaje, na msimamizi akanikuta hapo.

"Wewe, umepoteza nini huko chini?"

"Nasoma," nikamjibu.

Wenzangu walicheka, lakini nilikuwa nasoma kweli. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimejifunza kwa kuchungulia chini ya vitu. Nimekuwa utingo wa lori za mbuzi kutoka Oldonyiro, nimevunja mawe ya kujengea, nimechimba visima vya watu. Wakati huo nilikuwa nimetulia kidogo kwa sababu ya Kaltuma. Tulikuwa na vyumba viwili huko Burat, na yeye alikuwa na mimba ya miezi mitano, mtoto wetu wa kwanza. Tulikula mkekani kama majirani wote. Nikaamua mtoto wangu akizaliwa ataikuta meza kama ile.

Mbao nzuri zilitoka Meru, na bei yake haikuwa ya mpaka rangi. Ndipo nikakumbuka josho la zamani upande wa njia ya Kinna. Wewe labda hukuwahi kuliona josho la namna ile likifanya kazi. Ni shimo refu la saruji lenye maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe wanabanwa katika ujia wa mbao, wanatumbukia mmoja mmoja, wanaogelea, wanatokea upande wa pili wakichuruzika. Lile lilikuwa limeachwa miaka mingi. Shimo lilijaa mchanga, lakini mbao za ujia zilisimama bado, nene na ngumu, na upande wa ndani ulikuwa umesuguliwa na mbavu za ng'ombe mpaka ukang'aa kuliko meza ya hoteli.

Mchwa hawakuwa wamezigusa. Katika nchi ambayo mchwa hula hata mpini wa jembe ulioegeshwa ukutani, mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, sikujiuliza kwa nini mbao zile ziliwashinda.

Nilizibeba kwa mkokoteni wa punda, alfajiri, kwa sababu zilikuwa mali ya umma na sikutaka maswali ya chifu. Kazi niliifanya ndani, maana nje upepo wa Isiolo hauruhusu gundi kukauka bila mchanga. Niliranda kingo za mbao nne, nikazigandisha, nikazibana kwa kamba niliyoisokota na kijiti. Miguu nilichomelewa mjini kutoka kwa vyuma vya kitanda kibovu. Kisha nikapiga msasa siku nne. Vumbi lilikaa juu ya vyombo, juu ya nguo, juu ya mkeka. Kaltuma alifagia asubuhi na jioni, na vipande na maranda akawashia jiko.

"Hizi zinashika moto haraka," aliniambia kwa furaha. "Lete zingine."

Wiki ya pili, wanambuzi wawili wa jirani walilamba majivu tuliyomwaga nyuma ya nyumba. Jioni walikuwa wamelala, miguu imenyooka. Jirani alisema ni nyoka. Na mimi nikasema ni nyoka.

Baada ya hapo alikuja Mzee Wario, ami yake Kaltuma, ndiye aliyenikabidhi mke. Ujana wake aliumaliza akichunga ng'ombe na kuwatumbukiza katika majosho.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Abba. Karibu mezani. Leo hukai chini."

"Hii ni meza ya wazungu. Sasa mtakula nini juu yake, majani?"

Kaltuma alicheka mpaka akashika tumbo. Mzee aliweka kiganja juu ya mbao, akakisogeza polepole, akakisimamisha mahali palipokuwa na matundu ya misumari ya zamani.

"Hii mbao umetoa wapi?"

"Meru, Abba. Dukani."

"Duka gani?"

"Moja kubwa, karibu na soko."

Alinitazama. "Kuna mbao nilikuwa najua zinafanana na hii. Lakini kama ni ya duka, sawa." Alikunywa chai kikombe kikiwa mkononi, hakukiweka mezani hata mara moja. Niliona, nikafikiri ni ushamba wa wazee.

Hazikupita siku nyingi Kaltuma akaanza kutapika. Tukasema ni mimba. Kisha tumbo likamkata, kisha nyayo zikamwaka, akasema ni kama anakanyaga makaa. Nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, aliuliza kwa utaratibu.

"Nyumbani mnatumia dawa yoyote? Ya kupe? Ya panya?"

"Hapana."

"Kuna kitu chochote kipya kimeingia nyumbani?"

Meza ilinijia kichwani, mwanangu. Na nyuma ya meza akaja chifu, na aibu ya Mzee Wario kujua nilimdanganya.

"Hakuna," nikasema.

Kaltuma alitibiwa homa ya matumbo, tukarudi nyumbani, kwenye jiko lile lile na maranda yale yale. Mimi ndiye niliyekuwa napika sasa, na bado niliwashia hayo. Siku ya kumi na mbili mtoto alitoka, hana uhai. Alikuwa msichana.

Baada ya kumzika, Mzee Wario alibaki watu walipoondoka. Aliuliza tena, kwa sauti ya chini, mbao nilitoa wapi. Nikamwambia. Alifunga macho.

"Ile dawa ya zamani ilikuwa sumu ya kuua mtu. Tulikatazwa hata kuegemea zile mbao tukila. Nilikuuliza. Mara mbili nilikuuliza."

"Sikujua, Abba."

"Kuhusu sumu hukujua. Kuhusu duka ulijua."

Nilikimbia hospitali nikasema yote. Daktari hakunigombeza. Alisema Kaltuma atolewe katika nyumba ile siku hiyo hiyo, na akabadilisha matibabu. Mke wangu aliishi. Lakini nyayo zake hazikurudi. Akitembea huangalia chini, kwa kuwa haisikii ardhi. Hukanyaga mwiba asijue mpaka aone damu. Kila magharibi nachukua miguu yake mapajani, naikagua kidole kwa kidole. Hatukupata mtoto mwingine; wewe nakuita mwanangu kwa mapenzi tu. Katika miaka yote hii hajanilaumu hata kwa neno moja, na ningependa angenilaumu.

Umenionyesha kwenye simu meza unayotaka kujenga, na mbao ulizookota za kuijengea. Jenga, ni kazi nzuri, na mtu wa kipato kidogo ana haki ya kula juu ya kitu kizuri. Ila kabla ya kupima, uliza mbao ile iliishi wapi na ilinyweshwa nini. Kama hakuna anayejua, iache ilipo, hata kama ni ya bure, hasa kama ni ya bure. Msasa piga nje, ukijifunga kitambaa usoni. Vipande usivipeleke jikoni. Na mtu mzima akikuuliza ulipata wapi, mwambie ulipopata, hata kama uliiba. Aibu yangu ingekuwa ya siku moja mbele ya chifu.

Mungu aijalie mikono yako ustadi na nyumba yako watu wenye afya. Na siku utakayoulizwa, akupe ulimi wa kusema kweli mara ya kwanza, kabla mwingine hajalipa kwa mwili wake.