Shokapu za Kasha la Mama

Marehemu baba alikuwa seremala aliyeamini kwamba mbao nyembamba ni dhambi. Kiti chake kilisogezwa na watu wawili. Meza yake ikishawekwa mahali, hapo ndipo kwao. Na miaka michache kabla hajafariki alimtengenezea mama kasha la mchele la mninga, lenye mfuniko ambao ungefaa kuwa mlango wa gereza. Alisema panya hawataweza kuufungua. Ni kweli, panya hawakuweza. Baadaye na mama naye hakuweza.

Nyumbani kwetu Mkula, anayefungua kasha ndiye mwenye nyumba. Hakuna aliyeliandika jambo hilo mahali popote, na hakuna asiyelijua. Mama ndiye aliyechota mchele wa kupika kwa kopo lake la siku zote, na mgeni akiaga, mama ndiye aliyemwambia asubiri kidogo, akaingia ndani, akarudi na cha kumfungashia. Mdogo wangu wa kiume alipooa, alimleta mkewe papo hapo nyumbani. Wamezaa watoto watatu, na miaka yote hiyo wifi yangu amepika mchele aliopimiwa. Hakuwahi kulalamika. Mimi nilimwona kama mtu anayesubiri zamu yake, maana nina kipaji cha kuona mambo ambayo hayapo.

Kisha mama akateleza kwenye tuta la jaruba la mpunga, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga kwa shingo upande, na nguvu hazikurudi. Mfuniko wa kasha sasa aliunyanyua kwa mkono mmoja na bega, kisha akauegemeza kwenye mchi wa kinu. Siku moja mchi ukateleza, mfuniko ukaanguka, vidole vyake vikaponea chupuchupu. Mdogo wangu akaitisha kikao cha watu watatu, yeye akiwa mwenyekiti, katibu na msemaji, akatoa azimio. "Mama, kuanzia leo kasha atafungua mke wangu. Wewe pumzika."

Pumzika ni neno zuri sana. Makazini nalo hulitumia wakitaka kukuondoa kwa heshima.

Nilikwenda kuwasalimia Jumapili iliyofuata. Nikiwa nimekaa na mama barazani, alipita mwanamke mmoja wa kanisani kumjulia hali. Alipoaga, mama aligeukia mlangoni akaita, "Mwanangu, naomba makopo mawili ya mchele, kuna mgeni hapa." Naomba. Ndani ya nyumba yake, kutoka kwenye kasha lake. Wifi alikuja mbio, na wala hakuleta makopo mawili, alileta matatu. Mgeni akamshukuru wifi. Mama akatazama mkono wake wa kulia. Iliniuma kweli, nikaapa kwamba mama atalifungua tena kasha lile kwa mkono wake mwenyewe. Na mimi nikiapa kusaidia, watu wakae mbali.

Kazi yangu ni biashara ya mchele, Ifakara mjini, na kutwa nzima nipo kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pembeni ya mizani. Wiki ile mteja mmoja alifungua mlango wa nyuma wa gari lake ili tupakie mzigo. Aliubonyeza tu, ukanyanyuka wenyewe, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayempisha mkubwa kiti. Nikamuuliza ni nini kile. Akanionyesha vyuma viwili vyembamba ubavuni. Ni shokapu, alisema, ndani zina gesi inayosukuma. Mchana huo huo nikaenda kwa muuza vipuri vya magari yaliyokatwa.

"Shikamoo mama. Shokapu za mlango, sawa. Gari gani?"

"Marahaba. Siyo gari. Kasha la mchele."

Alifikiri kidogo, kwa umakini wa fundi. "La mwaka gani?"

Baada ya kuelewana alinimwagia fungu zima mezani: za buti ya gari dogo, za boneti, na za mlango wa nyuma wa basi dogo. Nikauliza zipi zina nguvu zaidi. "Hizi za basi, mama. Hizi hata ukifunga paa la nyumba linanyanyuka." Ubavuni kila moja ilikuwa na namba na herufi N. Nilipouliza maana yake aliniambia hayo ni mambo ya kiwandani, yasinisumbue. Nikachukua za basi. Ndivyo tulivyo watu wa bonde hili. Gunia likijaa hatuliachi lilivyo, tunalijaza lumbesa mpaka liote kilemba, kisha tunashangaa kwa nini migongo inatuuma.

Alinipa ushauri mmoja tu wa maana: mfuniko ukiwa umefungwa, kile kifimbo chembamba kiangalie chini, ili mafuta ya ndani yalainishe mpira na gesi isivuje. Huo niliusikia. Ningesikia na mengine kama ningeuliza.

Nilipozifikisha Mkula, mdogo wangu alitoboa, akafunga boliti, vifimbo vikaangalia chini kama vilivyoagizwa. Ili mfuniko ushuke ilimbidi aulalie kwa kifua. Akasema hiyo ni dalili njema. Kisha akauachia.

Mfuniko uliruka. Uligonga ukuta wa nyuma, ukaangusha ungo na sufuria mbili, bawaba zikalia, na kuku ambaye hakuhusika kwa lolote akaihama nyumba. Tukaushusha, ukapanda. Tukaushusha tena, ukapanda tena. Kasha lililokuwa linakataa kufunguka sasa lilikataa kufungwa. Hapo mdogo wangu, ambaye Mungu alimjalia akili za haraka, akaleta nusu gunia la mchele akalibwaga juu ya mfuniko. Ukatulia. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama kwa fahari.

Mama aliuliza polepole, "Sasa nikitaka mchele, hilo gunia atanishushia nani?"

Wifi alitoka nje haraka. Tulimsikia akicheka nyuma ya nyumba, kisha akarudi na uso wa msibani.

Kelele zilikuwa zimemleta jirani yetu, mzee wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita na ambaye hajawahi kuwa na haraka na jambo lolote. Alilizunguka kasha, akatazama gunia, akatazama shokapu.

"Sisi maksai wa kuvuta mkokoteni hatumfungi kwenye kijembe kidogo," alisema. "Ataondoka nacho. Kwani huu mfuniko una kilo ngapi?"

Mimi hapa, ninayekula na kuvaa kwa kupima, ninayegombana na watu wazima kwa ajili ya robo kilo, sikuwa nimeupima. Nilitamani sufuria zianguke tena ili tuongelee hizo.

Jumapili iliyofuata nilirudi Mkula na mizani ya kuning'iniza. Tulizitoa shokapu, nikatia ndoano kwenye ukingo wa mbele wa mfuniko na kuuvuta juu: kilo kumi na mbili. Kisha nikamwomba mama avute ndoano ile ile kwa mkono wake mbovu, mdogo wangu ameishikilia chini. Mshale ukafika kilo mbili. Mama akasema hajajiandaa, turudie. Ukafika mbili na nusu, naye akatoka jasho. Sikufanya mzaha wowote siku ile.

Hesabu haikuwa ngumu tena. Shokapu zibebe karibu uzito wote, kisha ziuachie mfuniko uzito kidogo wa kujifungia wenyewe, na uzito huo usizidi nguvu za mkono wa mama. Kwa muuza vipuri tulisaidiana, safari hii bila majigambo. Alimpigia fundi mwenzake, akatuambia ile namba yenye N ndiyo nguvu yenyewe, kila kumi ni kama kilo moja. Na kwa kuwa shokapu hukaa karibu na bawaba, lazima isukume zaidi, kama ambavyo mlango huwa mzito ukiusukuma karibu na bawaba. Tulitafuta mpaka tukapata mbili zenye namba ile ile tuliyoihitaji, za buti ya gari dogo. Zile ambazo mara ya kwanza nilizitazama kwa dharau.

Mdogo wangu alipomaliza kuzifunga, mfuniko ulilala kimya. Mama aliusogelea, akautia vidole vya mkono wa kulia, ule mbovu, akanyanyua. Ukapanda taratibu, ukasimama. Mama alichukua kopo akachota.

Kwa wiki mbili hakuna aliyepita nyumbani kwetu salama. Mtu aliyekuja kuulizia njia ya Kiberege aliondoka na mchele. Mimi nami, huko mashineni, niliwasimulia wateja habari hizi mpaka wakaanza kukoboa kwingine.

Nilipokwenda tena, nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda mbele ya kasha. Alilifungua kwa mkono wake mbovu, akamwita wifi, akamnyooshea kopo.

"Mwanangu, leo pima wewe. Na kesho."

Wifi hakulipokea. Alinitazama mimi. Nikapandisha hasira pale pale. "Mama! Kazi yote hii, halafu unampa kopo? Si alikuwa anafungua tangu mwanzo?"

"Alikuwa anafungua," mama alisema. "Nani alimpa?"

Wifi alipiga magoti, akalipokea kopo kwa mikono miwili. Alipima makopo manne kwenye sinia, akasita.

"Mama, yanatosha?"

Mama akatazama sinia, kisha akanitazama mimi.

"Ongeza moja," alisema. "Huyu wifi yako ana maneno mengi, lakini naye anakula."