Vitambaa Ishirini na Viwili

Siku hizi magoti yameshagoma, lakini kila akianua nguo kambani lazima anuse kwanza. Wajukuu wanamcheka, bibi ananusa kama paka. Waache wacheke, hawakuwepo.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba kama ufito, alipopata kazi ya ulezi kwenye shule ya watoto wadogo, wale ambao hata kamasi hawajui kupenga. Kupata kwenyewe ndiyo hivyo tena: wiki mbili za majaribio, halafu Mkuu ataamua. Mkuu mwenyewe mama mmoja mkavu kama kuni, viatu vyake vikilia ko ko ko ukumbini hata watoto wanameza kilio. Na nyumbani kaka mtu alishatangaza: kazi ikimshinda, anaozwa. Kwa hiyo kazi ile aliishika kwa meno.

Chumba kilikuwa kimoja kirefu, mikeka chini, na ukutani misumari ishirini na miwili. Kila msumari una kitambaa cha mtoto, alichokuja nacho kutoka kwao cha kulalia mchana. Kipande cha shuka, fulana ya baba, gauni kuukuu la mama. Vichafu, tuseme ukweli. Vimegandwa na udenda, vinanuka.

Siku ya tatu kiherehere kikampanda. Aliwahi kabla ya wenzake, akavitia vyote kwenye beseni, akafikicha mpaka vidole vikachubuka. Saa nne vinapepea kambani, vyeupe pe, naye kasimama pembeni anangoja kusifiwa.

Saa saba watoto wakalazwa. Wa kwanza akakinusa kitambaa chake, akakitupa. Wa pili vilevile. Mmoja waliyemwita Kibuyu, kwa ajili ya tumbo lake, akauliza kama mtu aliyeibiwa, "Mama yangu yuko wapi humu?"

Basi. Wakaangua kilio wote ishirini na wawili, ungedhani pana msiba.

Mpishi akaja mlangoni na mwiko wake. "Wenzetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja tuugue."

Ndipo akamweleza. Vitambaa vile havifuliwi shuleni. Mama mtu anakifua kwake, analala nacho usiku, ndiyo kinarudi. Binti akamuuliza mbona hakumwambia. Mpishi akamjibu kuwa hakuulizwa. Tangu juzi anaamkiwa juu juu na kupitwa kama mlingoti.

Mkuu hakufoka. Alisema wazazi wakija waambiwe paa limevuja likalowesha vitambaa, na binti kesho asije. Paa livuje, na jua lile la kukaanga mayai.

Jioni binti akasimama getini na vitambaa mkononi, akawaambia wazazi mmoja mmoja ukweli. Amevifua yeye, hakujua, kesho kakatazwa kuja, anaomba leo walale navyo. Wengine walimsonya. Mama yake Kibuyu, fundi cherehani, alivitazama vile vidole vilivyochubuka.

"Una wazimu wewe binti," akasema. "Lakini kesho kitambaa nakukabidhi wewe, mkononi. Nisipokukuta, narudi na mwanangu."

Wa nyuma yake wakadakia, nao vilevile. Mkuu yuko dirishani, anasikia yote.

Asubuhi binti alikwenda, aliyekatazwa asije. Wakampa vitambaa, naye akavitundika akivinusa: moshi, vitunguu, maziwa, mafuta ya cherehani. Mchana wakalala fofofo. Mkuu akapita ko ko ko, akachungulia, akaenda zake. Wiki mbili zikawa miaka thelathini na mmoja. Lakini siku Mkuu alipoagwa, watu wanapiga makofi, yeye binti mikono aliiweka mapajani. Uongo wa paa hakumsamehe, na hamsamehi.

Mwaka juzi lilikuja limtu lenye kipara na tumbo, limetoka kumzika mama yake, likauliza kwa aibu kama kile kitambaa kipo. Bibi alikitoa kabatini, alikokitunza tangu mtoto yule alipokwenda shule kubwa na kukiacha. Kibuyu akazika uso humo, akakinusa.

"Umekifua?"

"Mara moja tu, mwanangu," akasema. "Na ulinikomesha."