Kadi Tatu za Droo ya Kumi na Nne

Ukitaka kumkasirisha Mama Tindikali, ingawa kukasirika hahitaji msaada, mwambie kwamba jiwe ni jiwe tu. Atakutazama kuanzia unyayoni hadi utosini, atavua miwani, atakuuliza kama na wewe mama yako ni mama tu. Ni mwanamke mfupi, koti lake jeupe lina vitundu vya kuungua kifuani, na ulimi wake, wenzake wanasema, unababua kuliko chupa zake. Miaka ishirini na sita amefanya kazi kwenye ghala la mawe la ofisi ya madini: kuosha sampuli, kuzipima, kuzipanga kwenye droo, kuandika kadi. Shahada hana, lakini mpe jiwe kiganjani atakuambia uzito wake, na mizani ikija baadaye inamsahihishia nukta tu.

Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, kaka wa mama yake, na hapo ndipo hasira ilipoanzia. Mjomba alikuwa msaidizi wa maabara pale pale. Miaka thelathini na moja iliyopita liliingia jiwe la rangi ya asali iliyokaa sana, lenye mng'aro kama limepakwa mafuta. Wote wakasema ni baraiti, lile jiwe zito la kawaida, kwa sababu lilikuwa zito na ukilidondoshea tindikali halitoi povu. Mjomba akalipima kiganjani, akaona uzito umezidi. Akalikwaruza kwa kipande cha floraiti, jiwe gumu kuliko baraiti. Baraiti ingechubuka, hili likakataa katakata. Kisha akafanya jambo ambalo wenye haraka hawalifanyi. Alisaga chembe za jiwe zikawa unga, akapasha tindikali moto, akautia unga humo, akasubiri.

Povu likapanda. Dogo dogo, la uvivu, lakini povu. Na baraiti haitoi povu hata uichemshe mpaka kesho. Jiwe linalotoa povu ni la ukoo wa kabonati. Basi mjomba akaandika kadi kwa mwandiko wake wa kujikaza: "Si baraiti. Tindikali baridi, kimya. Ya moto, povu. Kabonati, huenda ya madini adimu." Akatia jina lake na tarehe.

Mkurugenzi wa leo wakati huo alikuwa kijana, ametoka masomoni juzi, suti bado ina mikunjo ya dukani. Akadondosha tone moja la tindikali baridi juu ya jiwe, akahesabu mpaka tano. "Hakuna povu, hakuna kabonati," akasema. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya kadi ya mjomba: "Upuuzi. Itupwe." Akatia sahihi na tarehe, maana watu wa namna hiyo wanapenda sahihi zao. Halafu akaandika kadi yake: Baraiti, na jiwe likatiwa kwenye droo ya kumi na nne.

Jamani, tuelewane hapa. Kwenye ghala la mawe kadi haitupwi! Sheria hiyo anaijua hata anayefagia. Mtu akikosea jina la jiwe, kadi yake haichanwi. Mpya inawekwa juu, ya zamani inabaki chini, kwa mfuatano wa tarehe, ili anayekuja kesho aone nani alisema nini na lini. Mjomba alimkumbusha sheria hiyo mbele ya watu. Wiki iliyofuata akahamishiwa getini. Miaka kumi na tisa alimfungulia geti kijana yule yule, ambaye gari lake lilibadilika mara nne na kitambi mara nyingi zaidi.

Hapo getini, kwenye kibanda, ndipo alipomfundishia mpwa wake kazi saa za mchana. Na siku aliyostaafu alimpa ile kadi, aliyoiokota kwenye pipa la taka. "Shika," alimwambia. "Mimi naondoka, lile jiwe haliondoki."

Usidhani mpwa alikaa kimya. Mara tatu alipanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi kuomba jiwe la droo ya kumi na nne lipimwe upya. Mara ya tatu akajibiwa, "Kazi yako ni kuosha chupa, mama." Mama! Kwa ile sauti ambayo watu humwitia mama mtu wasiyemheshimu. Alishuka ngazi anasaga meno, akavunja birika la maabara, la kwake mwenyewe, alilonunua kwa pesa zake.

Mjomba sasa anaishi chumba cha nyuma nyumbani kwa mpwa wake. Macho yameingia ukungu, mdomo haujaingia chochote. Kila jioni swali ni moja: "Lile jiwe bado linaitwa baraiti?"

"Bado, mjomba."

Basi anasukuma sahani. "Macho yamekwisha, masikio bado. Nataka nisikie jina langu limerudi kwenye droo ile kabla hamjanizika. Sitaki kingine." Kisha analalamikia chakula, na mpwa analala na hasira za watu wawili.

Ndipo mwaka huu ikatoka amri: ghala linahamia jengo jipya, nafasi ni ndogo, mawe ya kawaida kama baraiti yasagwe. Droo ya kumi na nne ilikuwa kwenye orodha, kwa Alhamisi. Kabla ya kusaga, kila droo ipitishwe kwenye mashine mpya, inayofanana na kikausha nywele, inayosoma elementi zilizomo ndani ya jiwe. Akaletwa binti mmoja mtaalamu wa mashine hiyo. Jumatano mchana akafika kwenye ile droo, akalielekezea jiwe mashine, akakunja uso.

"Mama, hii kadi ina makosa," akasema. "Bariamu, ambayo baraiti haiwezi kuikosa, hakuna hata chembe. Seriamu imejaa, lanthanamu inafuatia. Haya ni madini adimu."

Mama Tindikali alishika meza. Miaka yote ile!

Mkurugenzi akaitwa, akashuka na karani wake. Binti akaeleza kwamba bado kuna swali. Madini adimu hukaa kwenye mawe ya koo mbalimbali, mengine fosfati, mengine kabonati. Fosforasi mashine haikuiona. Lakini kaboni mashine hii haiwezi kuiona kabisa. "Hapo sina la kusema," akakiri. "Tungejaribu tindikali."

"Tindikali ilishajaribiwa zamani," akadakia Mkurugenzi. "Haikutoa povu."

"Baridi!" Mama Tindikali alipaza sauti hadi karani akaruka. "Ulijaribu baridi, bosi! Kaa hapo uone!"

Akawasha feni ya kutolea moshi, akavaa glavu, akasaga chembe, akapasha tindikali kwenye chupa yake. Akatia unga. Sekunde kumi, hakuna kitu. Ishirini. Mkurugenzi akakohoa, akatazama mlango. Ilipokamilika dakika nzima, povu likaanza kupanda, dogo dogo, la uvivu, kama lilivyoandikwa kwenye kadi.

"Kabonati," akasema binti. "Na kalsiamu haimo, kwa hiyo ndugu zake wenye kalsiamu tunawatoa. Hii ni bastinesaiti. Na kwa kuwa seriamu ndiyo inayoongoza, ni bastinesaiti ya seriamu. Hili halisagwi, hili linakwenda kwenye kabati la maonyesho."

"Mimi nilishuku siku zote," akasema Mkurugenzi.

Loo! Kuna watu wana ngozi ngumu, nyie! Mama Tindikali alifungua kipochi cha kitambulisho chake, akatoa kadi ya mjomba, iliyogeuka manjano, akailaza mezani. Binti akaisoma. Akasoma na yale maandishi mekundu, sahihi na tarehe. Kisha akainua macho kumtazama mwenye sahihi, na mwenye sahihi akawa anatafuta leso.

Mkurugenzi akawatoa wengine nje kwa adabu, akafunga mlango. Sauti ikawa laini. "Mama, tusifike mbali. Kadi ya mjomba wako nitaikubali. Nitamwandikia na barua ya shukrani. Ila hii yangu ya baraiti itoke, na yale maneno mekundu tuyafute. Sote tumeshinda." Akapapasa funguo mfukoni. "Ukikataa, sawa. Nasikia getini pana upungufu wa watu."

Shetani naye huwa na akili. Kile ambacho mzee alikiomba kila jioni kilikuwa mezani, bure, kwa bei ya kipande cha karatasi. Mama Tindikali alifura, machozi ya hasira yakamtoka. "Nipe mpaka kesho asubuhi," akasema.

Jioni hakusubiri swali. Alikaa kando ya kitanda akamweleza mjomba yote: mashine, jina la jiwe, barua ya shukrani, lile la getini. Mzee alisikiliza bila kupepesa.

"Ulipasha tindikali?"

"Nilipasha."

"Povu lilichukua muda gani?"

"Dakika nzima."

"Dakika nzima." Mzee alipiga ukingo wa kitanda kwa kiganja. "Mtu alishindwa kusubiri dakika moja, mimi nikakaa getini miaka kumi na tisa! Na leo anataka nimfagilie! Sikiliza, mpwa wangu. Barua yake aifungie maandazi. Kadi yangu chini, yake katikati, mpya juu. Na ile nyekundu isifutwe hata nukta. Kama atakutoa kazini, tutakula mihogo, lakini yule abaki hapo hapo katikati na sahihi yake."

Akavuta sahani. Alikula yote, na hakulalamika, jambo lililomtisha mpwa wake kidogo.

Asubuhi Mama Tindikali alifika kabla ya wote isipokuwa binti wa mashine. Binti akaandika ya tatu, Bastinesaiti, wakaweka kadi zote tatu kwa mfuatano wa tarehe, binti akazipiga picha moja moja, akaziingiza kwenye daftari jipya la ghala la kompyuta na nakala akazituma makao makuu. Kweli, uongo, kweli. Mama Tindikali akafunga droo, akatundika ufunguo mahali pake.

Kisha akavua koti jeupe, akalikunja, akabeba kiti chake mwenyewe mpaka getini. "Nimeambiwa mna upungufu wa watu," akamwambia mlinzi, na mlinzi, ambaye habari zilikwishamfikia, akampisha huku akiuma midomo asicheke.

Saa mbili kamili gari la Mkurugenzi likafika, likapiga honi. Mama Tindikali akaweka mkono kwenye komeo, akamtazama usoni kupitia kioo. Honi ikalia tena, ndefu. Akainua saa yake ya mkononi karibu na macho, akaanza kuhesabu, akahesabu dakika nzima.