Siku Tuliyovunja Mkataba wa Baba

Kazi yangu ni kuchapa mikataba kwenye steshenari mjini Shinyanga. Kila mkataba wa kuuza una maneno yaleyale: mimi fulani, nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote, nimekubali kuuza. Nimeyachapa mpaka vidole vinayaandika vyenyewe huku nabishana na mteja mwingine. Mtu akiniuliza maana yake namjibu, "Maana yake wewe si kichaa, lete kitambulisho." Nilikuwa najiona mjanja kweli.

Halafu baba akauza kiwanja chetu cha Ibadakuli, na mama amezikwa palepale, nyuma ya jiko.

Aliyenunua ni mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Rwamgasa. Natamani ningemtukana, ila hakuwa tapeli. Alikuja mchana kweupe na mashahidi wake, akamwamkia mzee shikamoo, wakavutana bei mpaka wakaelewana. Baba akaweka dole gumba, fedha akaificha kwenye mtungi wa dengu, akasahau. Mimi nilijua siku mafundi walipokuja kupima msingi.

Nikamkumbuka baba mwenyewe, kabla ugonjwa wa kusahau haujamchukua, alivyonishika mkono kwenye msiba wa mama. "Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, maana ndivyo anavyoniita tangu utoto, "na mimi mtanilaza hapahapa, ubavuni kwake. Msinipeleke kwingine." Nikaapa. Kwa ajili ya neno hilo tu nikafungua shauri baraza la ardhi.

Siku ya shauri, ajabu ya Mungu, baba aliamka mzima. Alioga, akavaa koti, akamsalimia kila mtu na kumuuliza habari za mvua. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mpole, akaniangalia. "Ofa ilikuwepo, ukubali upo, malipo halali yapo, hakushurutishwa. Sasa binti, unapinga nini?"

"Uwezo wa kuingia mkataba, mheshimiwa. Siku ile hakuwa na akili timamu."

Maneno niliyoyachapa miaka yote! Mdomoni yalikuwa machungu kama shubiri. Baba akanigeukia taratibu.

"Mimi? Mimi ndiye sina akili, mayu?"

Jamani, niliomba ardhi ipasuke inimeze. Baba mtu mzima, kakaa na koti lake, na mimi aliyenizaa na kunifundisha heshima zote namwita hivyo mbele za watu.

Mwenyekiti akaeleza kwamba mtu ambaye akili zake zinakuja na kuondoka anaweza kuuza kihalali siku ambazo zimemrudia. Kinachotazamwa ni saa ileile aliyoweka dole. Nithibitishe. Na mimi saa ile sikuwepo, nilikuwa kazini nachapa mikataba ya watu. Nikabaki kumuuliza mnunuzi: kabla ya kuweka dole, mzee alisema nini?

Mtu yule angeweza kudanganya. Alifikiri kidogo, akasema, "Alitaka tumsubiri mkewe. Alisema ameenda shamba, akirudi naye aweke dole. Tulingoja sana, mwisho mzee akasema tuendelee tu."

Mwenyekiti akaacha kuandika. "Mama yuko wapi?"

Nyumbani baba aliuliza swali hilo kila jioni, na sote tulimjibu yuko njiani, anakuja. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumjibu vingine. Sasa nilikuwa nimeshaapishwa, na baba alikuwa ananitazama, naye anasubiri jibu.

"Alifariki, mheshimiwa. Alifariki kabla ya mauzo. Kaburi lake liko kwenye hicho kiwanja."

Baba aliinuka, akayumba, akanishika bega. "Lini? Mayu, lini?"

Nasikia mwenyekiti alitamka kwamba mkataba ni batili, mnunuzi arudishiwe fedha yake, kiwanja kibaki kwetu. Mimi sikusikia. Nilikuwa sakafuni nimemkumbatia baba, analia kilio cha siku ya kwanza, kana kwamba si yeye aliyetangulia kutupa udongo kaburini.

"Mmemzika mke wangu bila kuniambia?"

"Tusamehe, baba," nikamwambia.